Sukari ya Mjane na Shamba Lake



Miezi michache iliyopita tulikwenda kumsaidia paroko mmoja kwa Misa za Dominika katika kigango ambacho hatutakitaja. Misa ilipokwisha akaja sakristia mama mmoja, mjane wa majuma mawili. Kwa kuwa twajua namna wajane wanavyotujia, tulikwisha kuandaa mfukoni noti mbili za shilingi elfu kumi, na kichwani maneno ya faraja. Akayapokea yote mawili kwa adabu, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi ya mama wa huko. Kisha akasema: “Baba, sukari ninayo. Jumuiya wameniletea sukari, wakaniletea na unga na sabuni, Mungu awabariki. Lakini Alhamisi ukoo wa marehemu unakaa kikao juu ya shamba. Ninaomba mtu wa kukaa karibu nami.”

Sisi tukamjibu kwamba tutamwombea. Akasema, “Asante, Baba,” akaenda zake.

Yafaa msomaji ajue mambo mawili zaidi, ambayo katekista alitueleza tulipokuwa tukinywa chai. La kwanza, shemeji yake aliyekiita kikao hicho ni mzee wa kanisa mwenye kuheshimiwa sana, naye ndiye aliyeahidi bati za kanisa jipya la kigango. La pili, katika ile sukari iliyopelekwa msibani, kilo mbili zilitoka nyumbani kwake huyo shemeji. Hapana shaka alizitoa kwa moyo. Hatumdhanii kuwa mnafiki. Ni mtu ambaye moyoni mwake sukari na shamba ni mambo mawili yasiyojuana.

Basi hapa ndipo swali linapotoka, wala si swali la wanachuo peke yao. Je, mtu aliyempelekea mjane unga, naye anajua kwamba Alhamisi mjane huyo atanyang’anywa shamba linalompa unga, ametimiza amri ya upendo? Nasi tuliompa shilingi elfu ishirini na ahadi ya sala, tulimpa nini hasa?

Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili ni dhahiri kuliko tunavyopenda. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yao ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, walionya kwamba yatupasa kwanza kutimiza madai ya haki, ili kile ambacho ni deni kisije kikatolewa kana kwamba ni zawadi ya huruma. Papa Benedikto wa 16 akarudia jambo hilo mwaka 2009: siwezi kumpa mwenzangu kilicho changu kabla sijampa kilicho chake. Nalo si neno jipya, maana Mt. Gregori Mkuu, alipokuwa akiwaandikia wachungaji wa karne ya 6, aliwafundisha kwamba tunapowapa maskini mahitaji yao hatutoi cha kwetu, bali twawarudishia cha kwao. Twalipa deni la haki kuliko kufanya tendo la huruma.

Maneno haya husikika matamu yanaposomwa katika semina. Yakiletwa kijijini huanza kuuma.

Maana tazama jinsi mambo yalivyokuwa zamani na jinsi yalivyo sasa. Wako wasomaji watakaosema kwamba sisi mapadre, baada ya kusoma vitabu vya Wazungu, twataka kuvunja ukoo. La. Desturi ya kale ya makabila mengi ilikuwa na akili yake. Shamba lilikuwa la ukoo ili watoto wa marehemu wasikose ardhi, hata kama mama yao angeolewa kwingine. Naye ndugu aliyeshika shamba la marehemu alishika pamoja nalo midomo ya wale waliokuwa wakilitegemea: mjane alishwe, ajengewe, atibiwe, azikwe kwa heshima. Mali na mzigo vilikwenda pamoja kama kata na mtungi, na aliyechukua kimoja akaacha cha pili alionwa na wazee kuwa mtu ovyo. Hatusemi kwamba mjane wa zamani hakuteswa. Aliteswa mara nyingi, na pengine alirithiwa yeye mwenyewe kama kitu. Lakini sheria ya wazee, hata palipokuwa na ugumu, haikumruhusu mtu kula shamba na kumwacha mwenye njaa njiani.

Leo mambo hayo mawili yametengana. Ukoo umeshika nusu ya desturi, ile yenye migomba na kahawa, na ile nusu nyingine umeiachia parokia. Shemeji huchukua shamba. Jumuiya ndogo ndogo huchukua mjane. Sisi nasi, kwa wema wetu wote, twamfanyia shemeji kazi yake bila kujua: twambebea mzigo uliopaswa kumlemea dhamiri. Kama tusingelileta unga, kijiji kizima kingeliona mama anakufa njaa kandokando ya shamba lake mwenyewe, na aibu ingelisema. Sasa aibu haisemi, kwa kuwa kila Jumamosi unga unafika. Yaani sadaka yetu inalipa deni la mtu mwingine, naye mdaiwa anakaa benchi la mbele.

Mtume Paulo aliliona jambo hili. Katika barua yake ya kwanza kwa Timoteo aliagiza kwamba wenye wajane nyumbani wawatunze wenyewe, Kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia wajane wasio na mtu kabisa. Wengine husoma maneno hayo wakadhani Mtume alikuwa akibana mfuko wa Kanisa. Alikuwa akizuia udanganyifu. Asiyewatunza watu wa nyumbani mwake, asema Paulo, ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Neno hilo halikuandikwa juu ya wapagani.

Je, basi tuache kupeleka unga? Mungu apishe mbali. Njaa haingoji baraza. Tunalosema ni kwamba unga peke yake, pale ambapo dhuluma inajulikana na kila mtu, ni nusu ya tendo, na nusu iliyobaki ndiyo iliyo ngumu, kwa kuwa mwenye kuleta unga hupendwa na wote, bali mwenye kukaa karibu na mjane kikaoni hupata adui.

Katika Agano la Kale kuna habari ya mama mmoja wa Shunemu ambayo sisi mapadre huihubiri nusu tu. Watu wanakumbuka kwamba alimkaribisha nabii Elisha, akamtengenezea chumba juu ya nyumba, akamwekea kitanda na meza na kiti na taa. Elisha akamwuliza anataka atendewe nini. Je, asemewe kwa mfalme au kwa jemadari wa jeshi? Mama akakataa. Akajibu kwamba yeye anakaa kati ya watu wake mwenyewe. Maana yake: mimi nina ndugu, nina ukoo, sihitaji mtu wa kunisemea. Jibu gani lingalikuwa la Kiafrika kuliko hilo?

Lakini fungua mbele, sura ya nane ya kitabu cha pili cha Wafalme. Njaa ilipita katika nchi, mama yule akakaa ugenini miaka saba. Aliporudi, nyumba yake na shamba lake vilikuwa mikononi mwa wengine. Mume wake, ambaye tangu mwanzo alikuwa mzee, hatajwi tena. Na wale watu wake mwenyewe aliokuwa akiwategemea? Nao hawatajwi. Ikambidi aende kumlilia mfalme, na hapo akamkuta Gehazi, mtumishi wa nabii, akimsimulia mfalme habari zake. Naye Gehazi akasema, ndiye huyu. Mfalme akamwuliza mama mwenyewe, kisha akamweka afisa wa kushughulikia jambo lake, arudishiwe mali yake yote pamoja na mazao yote ya shamba tangu siku alipoondoka. Hata mazao ya nyuma! Gehazi ni mtu mwenye tamaa, na Maandiko hayamfichi. Lakini siku ile alikuwepo mahali panapostahili, akafungua kinywa. Wakati mwingine mjane hahitaji mtakatifu. Ahitaji mtu aliyepo.

Tena lile neno ambalo Bwana wetu alilitumia kumwita Roho Mtakatifu, ambalo sisi twalitafsiri Mfariji, kwa Kigiriki ni Parakletos: yeye aliyeitwa akae kando ya mtu, hasa mtu anaposimama mbele ya hukumu. Mama yule wa kigangoni hakusoma Kigiriki. Aliomba mtu wa kukaa karibu naye.

Nchi yetu haikosi sheria katika jambo hili, ingawa sheria zenyewe hazijapatana. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, liliandika kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua shauri la Bi Holaria Pastory wa Kagera, ambaye baba yake alimwachia shamba kwa wosia, na mtoto wa ndugu yake akapinga alipoliuza, kwa hoja kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema kwamba mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya Katiba, ambayo imeshika haki za watu wote tangu mwaka 1984. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikatangaza kwamba kanuni yo yote ya mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Hata hivyo wajane wawili waliofukuzwa na mashemeji zao katika nyumba walizoishi na waume zao walipokwenda Mahakama Kuu, mahakama mwaka 2006 ilikiri kwamba kanuni zile za urithi zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Na rufani yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya hati. Ndipo mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilipoamua kwamba wajane hao wamenyimwa haki zao.

Twayaeleza haya kwa urefu kwa sababu moja. Wajane wale wawili hawakufika mbali hivyo peke yao; kulikuwa na watu waliowaandikia, waliowalipia nauli, waliokaa nao mahakamani mwaka hata mwaka. Sheria nzuri iliyoandikwa Dodoma haitembei kwa miguu yake mpaka kijijini. Baraza la ardhi la kijiji, kwa sheria ile ya 1999, lina watu saba, na watatu kati yao hawana budi wawe wanawake. Kazi yake ni kupatanisha. Ni Wakristu wangapi wanaojua wale wanawake watatu wa kijijini mwao ni akina nani? Ni jumuiya ngapi zimewahi kumsindikiza mtu barazani? Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena 1976, na kuamua kwamba Kanisa la huku lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, hawakukusudia vyama vya kuchanga rambirambi tu. Na mama zetu wa WAWATA, waliotimiza miaka 50 ya chama chao mwaka 2022, wana nguvu kuliko wanavyojua. Wakitoka watatu tu na vitenge vyao wakakaa kimya penye kikao, kikao chenyewe hubadili sauti.

Lililo kweli kwa wajane ni kweli kwa wazee. Twawapenda wazee wetu, twawaita babu na bibi, twawapigia picha siku ile ambayo marehemu Papa Fransisko aliiweka mwaka 2021, Dominika ya nne ya Julai, kwa heshima ya mababu na mabibi. Lakini katika Usukuma na mikoa ya jirani, kwa miaka mingi, akina bibi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na alama waliyohesabiwa nayo ilikuwa macho mekundu. Macho mekundu! Macho ya mwanamke aliyepikia watoto na wajukuu miaka hamsini juu ya moshi wa kuni na samadi. Yaani alama ya utumishi wake ikageuzwa kuwa hati ya kifo. Na mara ngapi nyuma ya shutuma hiyo kulikuwa na shamba lililotakiwa, au kijana aliyechoka kungojea urithi? Hapo bibi hahitaji blanketi la Noeli. Ahitaji jirani mmoja atakayesema mbele ya watu, neno linapoanza kunong’onwa, kwamba ni uongo.

Sera ya Taifa ya Wazee ilitangazwa mwaka 2003, nayo yaahidi matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Zanzibar ikaenda mbele, ikaanza mwezi wa Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya kila mwezi, hapo mwanzo shilingi 20,000, bila kuuliza ana mtoto mjini au hana. Kiasi ni kidogo, lakini angalia namna ilivyotolewa: mzee haendi kuomba, aenda kuchukua. Huku bara mzee mwenye haki ya kutibiwa bure hurudi nyumbani bila dawa kwa sababu hakuwa na kitambulisho, au hakuwa na kijana wa kumsemea dirishani. Pengine mwanawe mwenyewe, siku hiyo hiyo, alikuwa mjini akichangia harambee ya kanisa. Bwana wetu alilijua tendo hilo, akalitaja kwa jina lake, Korbani: mali iliyomlazimu mtu kuwatunzia wazazi ikawekwa wakfu kwa Mungu, na mwenyewe akajiona amefanya ibada. Amri ya Nne hatukuandikiwa tulipokuwa watoto wa kutumwa dukani tu. Inatudai zaidi wazazi wanapokuwa hawana tena nguvu ya kutulazimisha.

Wengine watatuambia kwamba padre haifai aingie mambo ya ukoo, kwa kuwa ataharibu amani. Twaijua hofu hiyo; ndiyo iliyotufanya tujibu “tutakuombea” pale sakristia, ingawa tuliiita busara. Hatukatai kwamba mjane naye aweza kukosea. Pengine shamba lina mpaka usiojulikana, pengine marehemu alikwisha kuwapa watoto wa nyumba nyingine, pengine mama mwenyewe anaficha jambo. Kukaa karibu na mtu si kumshuhudia asilosema kweli. Ni kuhakikisha kwamba anasikilizwa mpaka mwisho, kwamba hakatizwi, kwamba karatasi haitiwi dole gumba kabla haijasomwa kwa sauti. Amani inayovurugika kwa sababu ya jambo hilo ilikuwa kimya tu.

Walipolalamika wajane wa Kigiriki huko Yerusalemu kwamba wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku, Mitume hawakuwakemea kwa kuleta fitina ndani ya Kanisa changa. Waliita watu, wakachagua saba, na wote saba walikuwa na majina ya Kigiriki. Ofisi ya ushemasi, ambayo sisi wote tulioitwa kwenye altare tumeipitia, ilizaliwa na malalamiko ya wajane. Yafaa tuikumbuke kila tuvaapo stola.

Jambo moja la mwisho, na hili latuhusu sisi wahubiri. Kila mwaka twasoma Injili ya mjane aliyetia senti mbili katika sanduku la hekalu, nasi twaitumia vizuri sana siku za mavuno na za zaka. Lakini katika Injili ya Marko, mistari michache kabla ya hapo, Bwana anawashutumu waandishi wapendao kusalimiwa sokoni na kukalia viti vya mbele, ambao hula nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa kujionyesha. Kisha aketi kulielekea sanduku, na anayekuja ni mjane, naye amebakiwa na senti mbili tu. Hatukumbuki kwamba tumewahi kumwuliza msomaji au msikilizaji: nyumba yake ilikwenda wapi? Wala hatujiulizi bati za kanisa zatoka katika kahawa ya shamba gani.

Alhamisi ile sisi tulikuwa mezani tukipanga kurasa za gazeti hili. Katekista ndiye aliyetupasha habari jioni kwa simu. Mama hakwenda peke yake. Walikwenda naye wanawake watatu wa jumuiya yake: mwalimu mstaafu, mke wa katekista, na bibi mmoja ambaye naye alinyang’anywa miaka thelathini iliyopita na hakuwa na mtu. Walitandika mkeka, wakakaa. Wazee wa ukoo waliwauliza wamefuata nini; mwalimu akajibu kwamba wamekuja kusikiliza. Karatasi ililetwa, mwalimu akaomba isomwe kwa sauti, ikasomwa, na baadhi ya wale waliokwisha kutia sahihi wakasema hawakujua kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Kikao kikaahirishwa.

Bati hazijafika. Mzee yule sasa husali katika kigango cha jirani, na paroko ametuuliza, kwa upole lakini bila kucheka, kama kweli tunakusudia kuichapisha habari hii. Kikao cha pili kimewekwa baada ya mavuno ya kahawa. Wale mama watatu wamekwisha kuuliza saa.